Kiti cha Mwanzilishi

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kile kijiji cha juu ya kilima kilikuwa kimejitembeza hadi barabara kuu. Kibao cha kwanza kilisema KIJIJI CHA KALE. Cha pili, UMEKARIBIA KIJIJI CHA KALE. Cha tatu kilisimama pale chini magari yanapokomea: VUTA PUMZI, UKO KALE. Inspekta alikisoma hicho cha tatu, akakiangalia kama mtu anavyomwangalia mlevi anayekojoa ukutani mchana kweupe, kisha akateremka garini na kulikanda goti lake.

"Magari hayaruhusiwi kupanda, afande," alisema koplo aliyekuja kumpokea. "Wanasema yanaharibu ukale."

"Na mlinzi mlimteremshaje? Mgongoni?"

"Kwa miguu, na pingu. Wageni walimpiga picha. Walidhani ni mchezo walioandaliwa."

Inspekta hakucheka. Mlinzi mwenyewe alikuwa mahabusu mjini, amelala sakafuni, na kesho asubuhi angepelekwa mahakamani kwa wizi wa Kiti cha Mwanzilishi. Kilikuwa kiti cha mbao ambacho, kwa maneno ya kijiji, kilikaliwa na mtu aliyejenga nyumba ya kwanza pale miaka mia nne iliyopita. Jalada la kesi lilikuwa tayari. Lilikosa sahihi ya Inspekta tu, na Inspekta, mwanamke mtu mzima, hakuwa na desturi ya kutia sahihi juu ya kitu ambacho hajakigusa kwa mkono wake.

"Nieleze tena," alisema. "Polepole, kama unamweleza mjinga. Leo nimekuja na ujinga wangu wote."

Koplo alifurahi. Alikuwa kijana wa viatu vinavyong'aa, wa kupenda kusikia sauti yake. "Asubuhi kiti hakipo kwenye nyumba ya makumbusho. Mlango umefungwa, kitasa hakijaguswa. Ufunguo ni mmoja, anao mlinzi. Nyuma kuna dirisha limevunjwa komeo, na kamati ya kijiji ikaniambia mwizi kapitia hapo. Nikaliangalia lile dirisha, afande. Limevunjika zamani! Pale mbao ilipopasuka ni nyeusi tii, kama ya miaka mia. Basi hakuna aliyepita dirishani usiku ule. Aliyeingia aliingia mlangoni, na wa mlangoni ni mwenye ufunguo."

"Kamati ilisemaje ulipowaambia hivyo?"

"Walinyamaza, afande. Walistaajabu."

"Mwanangu, anayestaajabu husema. Anayenyamaza ana lake. Na kiti kilikwenda wapi?"

"Kuna alama za mkokoteni kwenye shamba la chini. Kilibebwa na mkokoteni huo."

Waliingia shambani. Mbegu zilikuwa zimeanza kuchipua kwenye matuta, na kondoo wachache walikuwa wakila kingoni bila kushtushwa na serikali. Alama za magurudumu zilikuwepo kweli. Inspekta aliinama kwa tabu, akatia kidole kwenye alama iliyopanda kilimani, kisha kwenye iliyoteremka.

"Hii ya kupanda imezama. Hii ya kushuka imegusa udongo tu. Sasa niambie, mwizi gani huja na mzigo akarudi mikono mitupu?"

Koplo alikuna shingo.

Walizifuata alama hizo kwa njia ya nyuma, njia ambayo wageni hawaoneshwi, na mwisho wake wakakuta lundo la mifuko ya saruji limefunikwa kwa nyasi kavu. Wizi wa koplo ulikuwa saruji. Na upande ule wa kilima ulionesha kila kitu ambacho upande wa mbele ulikikana: matangi meusi ya maji, madishi ya televisheni, viti vya plastiki, kamba za nguo, matofali mapya yakingoja kugeuzwa wazee. Kwa mbele kijiji kilikuwa na miaka mia nne. Kwa nyuma hakikufika arobaini.

"Kama mtu aliyevaa koti bila suruali," Inspekta alisema, akaendelea kupanda.

Kwenye ukuta wa mwisho alikuwepo mwanamke amejifunga kanga kiunoni, ana ndoo na brashi pana, anapaka mawe kitu cheupe kilichonuka hadi njiani.

"Shikamoo, mama," alisema yule mwanamke, akimtupia jicho la pembeni tu.

"Marahaba. Unapaka nini?"

"Maziwa yaliyochacha."

"Ukuta una njaa?"

"Huota ukoga wa kijani, mama. Mvua mbili tatu, ukuta unakuwa bibi kizee. Ni amri ya kamati, kila nyumba kabla ya msimu wa wageni. Mawe ni kazi yetu wanawake."

"Na mbao?"

"Mbao ni za kaka yangu, fundi seremala. Yeye hupaka dawa yake."

"Nyumba hii ilijengwa lini?"

"Mwaka nilioolewa." Akageuka, akaiona sare ya koplo, brashi ikasimama. "Kumbe ni nyinyi. Wewe ndiye umekuja kumfunga mume wangu?"

Kumbe huyu ndiye mke wa mlinzi. Mume yuko ndani, na yeye anazeesha ukuta.

"Nimekuja kuangalia," Inspekta alijibu. "Mumeo anapelekwa mahakamani, wewe unapaka maziwa?"

"Kamati imesema uchungu wangu nisiulete mbele ya wageni. Nikaushikie huku nyuma." Alikung'uta brashi kwa nguvu hadi koplo akaruka kuokoa viatu vyake. "Mume wangu si mwizi. Kile kiti hata angepewa bure asingekichukua."

"Kwa nini?"

Mwanamke aliangalia juu, kwenye kona ya nyumba ya makumbusho, kama anayeangalia kama kuna sikio. Akarudi kwenye ndoo yake.

"Kinauma makalio," alisema.

Inspekta hakumsukuma. Alimshukuru, akapanda.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa uwanjani na kundi la wageni. Ndiye aliyewatembeza pia, maana hakuna aliyeweza kusema kwa muda mrefu hivyo bila kumeza mate. Kijijini walimwita Kasuku, naye alilichukua jina hilo kama sifa. Alikuwa amevaa joho la kahawia lililochakazwa kwa makusudi, na chini yake zilionekana raba mpya za mazoezi.

"Mawe haya, ndugu zangu, yamekanyagwa na mababu wa mababu!" alisema kwa sauti ya mazishi. Alipomwona Inspekta akakunja uso, akawaacha wageni wapige picha kisima kisicho na maji. "Mheshimiwa! Karibu, mama yetu. Msiba mkubwa umetupata. Kiti kilikuwa roho ya kijiji."

"Pole. Roho ilikuwa imetengenezwa kwa mbao gani?"

"Mbao ya... ya kale."

"Mti unaoitwa kale siujui. Nioneshe dirisha."

Nyumba ya makumbusho ilikuwa chumba kimoja chenye baridi. Katikati palikuwa na kamba nyekundu imezungushwa mahali patupu, na kibao: HAPA ALIKETI. Inspekta aliivuka kamba. Kasuku alishtuka kana kwamba amemkanyaga marehemu.

"Kilikuwa hapa tangu lini?"

"Tangu enzi na enzi!"

"Sakafu ya mawe imelika mlangoni kwa miguu ya watu. Hapa pia imelika, sawasawa na pale. Kama kiti kilikaa hapa enzi na enzi, nani alikuwa anatembea chini yake?"

Kasuku alianza kuinyoosha kamba nyekundu iliyokuwa imenyooka tayari.

Inspekta alikwenda dirishani. Ilikuwa kama koplo alivyosema: komeo limeng'olewa, fremu imepasuka kwa urefu wa kiganja, na mpasuko wote ni mweusi, mweusi wa heshima, wa vitu vilivyokaa. Koplo alisimama nyuma yake akingoja kusifiwa.

Aliupitisha mkono kwenye mpasuko, akaurudisha haraka. Kibanzi kilikuwa kimemchoma, na tone la damu likatokea kwenye kidole.

"Koplo, lete kidole chako."

"Afande?"

"Lete. Gusa hapa. Halafu gusa pale kwenye ukingo wa mlango uliolika."

Koplo aligusa. "Pale ni laini. Hapa panachoma."

"Mbao iliyovunjika miaka mia huguswa na upepo, vumbi, mikono, buibui. Hulainika kama fizi za mzee. Hii ina meno ya mtoto." Alichukua kalamu ya koplo mfukoni mwake bila kuomba, akaiingiza ndani kabisa ya ufa na kuupanua. Ndani, mahali ambapo brashi haikufika, mbao ilikuwa nyeupe pe, ina unyevu. Chini ya dirisha, juu ya jiwe, kulikuwa na mchirizi mweusi ulioshuka na kukauka. Inspekta aliinama akaunusa. "Siki."

"Siki?" Kasuku aliuliza, sauti imepanda.

"Umeisikia. Koplo, tangu lini mwizi akivunja dirisha hulipaka dawa kabla ya kuondoka?"

Koplo aliangalia viatu vyake. Havikumsaidia.

Karakana ya seremala ilikuwa bondeni nyuma ya kilima, mbali na macho ya wageni, karibu na kijito. Kasuku alitaka kuwasindikiza; Inspekta alimwambia abaki na wageni wake wasije wakagundua kuwa kisima ni saruji. Alikaa kwa dakika chache tu, kisha joho lake likaonekana likishuka nyuma yao kwenye nyasi, limekunjwa hadi magotini.

Fundi alikuwa mtu mpana, mpole wa uso, mwenye vidole vyeusi hadi kwenye kucha. Mlangoni palikuwa na ndoo ya misumari yenye kutu iliyolowekwa kwenye siki, na mekoni sufuria ya chai ya rangi iliyokolea kama lami, dawa ya kuzeesha mbao mpya. Karibu alisema, kigoda alitoa. Inspekta aliketi. Hakuuliza habari ya kiti. Aliangalia kuta, milango mipya iliyoegemezwa, akapiga ulimi.

"Nimeliona dirisha lako kule juu."

Fundi aliendelea kupiga randa. "Dirisha lipi?"

"Lililovunjika. Kazi mbovu."

Randa ilisimama.

"Nilisikia una mkono," Inspekta aliendelea, kwa sauti ya mteja aliyeletewa meza inayoyumba. "Nikategemea kuona kitu. Umeacha mchirizi kwenye jiwe. Ndani ya ufa hukufika. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angeona haya."

"Mbovu?" Fundi alisema taratibu. "Mbovu wapi? Koplo wako huyo huyo aliapa mbele ya watu kuwa ni la miaka mia!"

"Koplo wangu angeapa hata kuku ni samaki. Mimi nasema ni kazi ya haraka."

"Ilikuwa giza! Taa nimeibana kwa meno, mkono mmoja brashi, mkono mmoja kopo. Wewe ungeweza? Ungekuja mchana ungeona kama kuna mchirizi!"

Koplo alikuwa ameduwaa. Fundi aliangalia vidole vyake vyeusi, kisha akaketi juu ya gogo kama gunia lililofunguliwa kamba.

"Endelea," alisema Inspekta. "Ulikuwa unasema vizuri."

"Usiseme neno!" Kasuku alifika akihema, ukingo wa joho umejaa miiba. "Fundi, nyamaza! Wewe ni mgonjwa, huna akili sawa leo."

"Mwenyekiti, nimechoka kunyamaza." Fundi alijipangusa uso, akaacha alama nyeusi shavuni. "Yeye ndiye aliyeandika kuomba tutambuliwe kuwa kijiji cha kale. Kila siku anajisifu, kiti, kiti, kiti. Basi wakuu wa serikali wakakubali. Wakasema wiki hii wanaleta wataalamu wenye mashine ya kupima umri wa mbao. Kile kiti nilikitengeneza mimi. Kabla ya changu kulikuwa na cha baba. Cha babu kilivunjwa na mgeni mnene. Na cha babu mwenyewe alikitengeneza ili bibi akae kunyonyesha."

"Mwanzilishi?"

"Mwanzilishi yupi, mama? Kila kijiji kina mtu wa kwanza kufika. Wetu tulimpa kiti."

"Kiko wapi?"

Fundi alionesha kwa kidevu meko iliyokuwa ikichemsha chai ya rangi. Ndani ya majivu ulibaki mguu mmoja uliochongwa, umeungua nusu.

"Mkakubaliana kiibwe."

"Na mwizi wa nje, asiyejulikana, asiumie mtu. Mlango tuliufungua kwa waya, tukaufunga tena vivyo hivyo. Nikavunja dirisha kwa patasi. Nikatoka nje, nikageuka kuangalia. Ule weupe wa mbao ulikuwa unang'aa kama kidonda. Asubuhi wageni wangepita pale..." Alisugua vidole vyake vyeusi. "Mkono ulikwenda wenyewe. Maisha yangu yote sijaacha mbao mpya ionekane kijijini kwetu. Hata sikufikiri. Nilimaliza, nikanawa, nikalala."

"Ulivunja dirisha ili lionekane limevunjwa," alisema Inspekta, "halafu ukaficha kwamba limevunjwa. Na shemeji yako akaingia ndani kwa ajili ya brashi yako."

"Tulidhani watamwachia."

"Na alipokosa kuachiwa?"

Alijibu Kasuku, amekunja mikono juu ya joho, amerudi kwenye sauti yake ya mazishi.

"Mheshimiwa, tufikiri kama watu wazima. Mlinzi ni mtu mmoja. Kijiji ni wajane, ni watoto, ni nyumba zote zinazokula kwa wageni. Miezi michache tu. Tungempelekea chakula. Tungemtunzia familia. Hata yeye mwenyewe anajua kiti ni cha uongo, na hajasema! Unaona? Anakipenda kijiji chake. Kwa nini wewe umsaliti?"

Inspekta alimwangalia kwanza raba, kisha joho, kisha uso, kama anayetafuta mahali pa kutemea mate akakosa palipo safi vya kutosha.

"Nimewakamata wauaji," alisema, "waliokuwa na aibu kuliko wewe. Wao angalau walikimbia. Wewe umebaki kutoza kiingilio."

"Kaka."

Mke wa mlinzi alikuwa amesimama kwenye mlango wa karakana, ndoo ya maziwa bado mkononi. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi. Fundi alisimama, akakaa tena.

"Dada, ningesema. Nilikuwa nangoja wataalamu wapite..."

"Nilikuja kwako nikalia. Hapo hapo kwenye hilo gogo. Ukanipa chai."

"Dada yangu..."

"Ukaniambia nisali." Aliweka ndoo chini polepole bila kumwaga tone. "Mimi najua kiti ni cha uongo, nilinyamaza. Mume wangu anajua, kanyamaza. Tulidhani tunaificha aibu ya kijiji, na mwizi ni mtu tusiyemjua. Kumbe mwizi ni ndugu yangu, tumbo moja. Simama. Unashuka mjini, na unasema mdomo wazi, kama ulivyomwambia huyu mama."

"Wataifunga njia ya wageni," Kasuku alisema. "Mtakula nini?"

Yule mwanamke alimtazama, kisha akaitazama ndoo. Akaichukua, akammwagia maziwa yale yote kifuani, taratibu, bila hasira, kama anavyopaka ukuta.

"Subiri mvua," alisema. "Utapendeza."

Koplo aligeuka upande kuficha uso. Inspekta hakuona kitu. Alikuwa akiuchomoa, kwa makini sana, ule mguu wa kiti kwenye majivu uwe ushahidi.

Mjini, kituoni, fundi alisema yote mbele ya afisa wa zamu, na mguu ulioungua ukawekwa mezani kati yao kama mwanafamilia. Kisha mlinzi akaletwa kutoka mahabusu. Alikuwa mwembamba, mwenye mgongo ulionyooka wa mtu aliyezoea kusimama mlangoni. Alimwona mkewe, akatabasamu. Akamwona shemeji yake, akaona vidole, akaona mguu wa kiti. Tabasamu likaondoka.

"Umesema, shemeji?"

"Nimesema."

"Yote?"

"Yote. Mpaka bibi kunyonyesha."

Mlinzi aliegemea ukuta. Akamgeukia Inspekta, na machoni mwake hapakuwa na shukrani hata chembe.

"Nani alikutuma? Mimi nililalamika? Nilikwambia unitoe? Nilikuwa nakaa kimya, nakula ukoko wao, najua kwa nini nakaa. Umetuulia kijiji, mama. Sasa kule juu ni mawe tu." Akamnyooshea askari mikono. "Nirudisheni ndani."

Inspekta alikuwa ameshachukua kalamu. Alifuta jina la mlinzi kwenye jalada kwa mstari mmoja, akatia sahihi.

"Huwezi," alisema bila kuinua macho. "Ndani tunaweka wahalifu. Wajinga hawana nafasi, tungejaza nchi nzima."

Mkewe alimfuata pale ukutani, akamshika mikono ile iliyokuwa bado imenyooshwa, akaishusha mmoja baada ya mwingine.

"Twende nyumbani."

"Nyumbani wapi? Umesikia hapa? Hakuna tena cha kulinda."

"Kwa mama yangu, kule bondeni. Nyumba yake ni ya mabati, inavuja, na kila anayepita njiani anajua imejengwa lini." Alimvuta. "Utalala kitandani leo. Kesho ukitaka kunichukia, utanichukia ukiwa umenyoosha miguu."

Mlinzi alimwangalia shemeji yake, ambaye naye sasa alikuwa akivua mkanda na kumkabidhi askari. Halafu akatoka nyuma ya mkewe, mgongo umenyooka, bila kumuaga mtu.